Mashine Niliyoikana Mbele ya Basoda

Bandugu zangu, na nyie bamama wa korali, munivumilie. Naogopa kusema haya, hata kama basoda balioniogopesha habako tena.

Munajua mi ni fundi wa redio hapa mujini Baraka. Wakati ya vita kinanda ya korali ilikufa. Bamama bakaniomba kitu ya kubaimbisha. Nikatoa matransista, vile vipande vidogo vya kukuza sauti, ndani ya redio za zamani, nikaunda mashine ya sauti, na ndani yake chujio. Ilikuwa inachuja sauti vile tunachuja mafuta ya mawese. Ukiipa umeme kidogo inafunga: «uuu». Ukiongeza, inafungua: «aaa». Umeme yenyewe ndiyo inaamuru. Nilijivuna, siwafichi.

Siku moja, muchana, nilisukuma ile chujio mpaka mwisho, dirisha wazi. Ikisukumwa hivyo inapiga filimbi yenyewe. Wiiii! Sawasawa na foni, ile redio ya basoda, ikitafuta wenzake. Na basoda balikuwa banapita.

Bakaingia batatu. Mukubwa wao akaniwekea bunduki kwa kifua.

«Unaita adui?»

Bandugu, nawaambia ukweli, mukojo ulinitoka. Nikasema: «Si yangu, afande. Ni ya mama mukubwa wa korali. Mumuulize yeye.»

Bakamuleta, mikono yake bado na unga wa muhogo. Niliogopa kumuangalia. Niliwaza: batamuua, na ni mi nimemuua.

Akaangalia mashine, akaniangalia na mi. «Ni yetu, mutoto wangu,» akamwambia yule mukubwa. «Inaimbaka na sisi. Mumuache aonyeshe.» Akaanza kuimba. Nikashika waya, nikapunguza umeme, nikarudisha chujio nyuma. Filimbi ikanyamaza, sauti ikafunguka na kufunga chini ya wimbo wake.

Mukubwa akasikiliza mpaka mwisho. «Hii haiko foni,» akasema. Bakaenda.

Miezi mingi sikugusa chuma ya kulehemu. Nikisikia buti, naingia chini ya kitanda. Yule mama ndiye alikuja na redio yake mbovu, akaketi kizingitini. «Tengeneza. Mi nalinda mulango.» Akarudi kesho, na kesho kutwa, mpaka nikaanza kutengeneza tena bila kujificha.

Munasemaka basoda balimuchukua kwa sababu yeye ni mukubwa wa korali. Hapana. Mi ndiye nilimutaja. Alijua, basoda balimuambia, na hakuambia hata muntu moja, hata bwana yake.

Asante, mama. Asante na nyie bote mulionilisha wakati ile sikuweza kazi. Bandugu, kuogopa si zambi, lakini woga usikutafutie muntu wa kufa kwa nafasi yako.

Mama, simama nikuone. Naomba musamaha.