Aliyempiga Kelvin

Kijiwe cha Hayes hakina kibao, lakini kila Mtanzania anayebeba mizigo Heathrow anakijua. Ni benchi moja la mbao mbele ya duka la Mitesh, Mhindi wa Mwanza anayeuza sembe, dagaa na chaja za simu, na ambaye kila Jumamosi mchana hutoa chupa ya kahawa ya tangawizi bila kuombwa. Siku hizi wa kwanza kufika ni Telesphor. Zamani walimwita Baba Bingwa, kwa ajili ya mwanawe Kelvin, bondia. Tangu Kelvin apigwe na Mwairishi kwenye pambano la mwisho la kufuzu Olimpiki, miezi miwili iliyopita, hakuna aliyelitamka tena jina hilo. Wanamwita Telesphor tu, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyefiwa. Hilo lilimuuma kuliko kama wangemcheka.

Kelvin kazaliwa hapahapa London, ila alipanda ulingoni na bendera ya Tanzania kwa sababu baba yake alitaka hivyo. Akashindwa, majaji watatu kwa wawili. Mshindi akapata tiketi ya Olimpiki, Kelvin akarudi nyumbani. Toka siku hiyo Telesphor amebaki na hesabu moja anayolala nayo na kuamka nayo: Mwairishi akipata medali, basi mwanawe hakupigwa na mtu wa hovyo.

Leo Mwairishi alikuwa robo fainali. Simu ya Humphrey ikaegemezwa kwenye chupa ya kahawa.

— Tulieni, — alisema Humphrey. Wao humwita VAR, maana hakuna tukio asilolirudia mara tatu. — Akishinda hii, shaba anayo. Ngumi za Olimpiki hazina pambano la mshindi wa tatu. Ukifika nusu fainali, hata ukipigwa, shaba yako.

— Hata akizimishwa? — aliuliza Mitesh.

— Hata akitolewa kwa machela, bwana.

— Lakini Ireland kanchi kadogo vile, mabondia wote hao wanawatoa wapi?

Adolphe wa Lubumbashi, ambaye kijiweni ni Waziri kwa vile huongea kama anahutubia, alikohoa kwanza.

— Ni upepo. Kisiwa kile upepo haulali. Mtoto anaanza kutembea ameinama, kidevu kifuani. Akifika miaka kumi, kujikinga anajua, na hakuna aliyemfundisha. Njo maana banapiganaka vile!

— Upepo wapi! Viazi, — alisema Mitesh. — Kuna Mwairishi mteja wangu, kila wiki gunia. Kiazi kinatulia tumboni, mtu haanguki hata umsukume na gari.

— Mimi nasema kuungama, — alisema VAR. — Wale wanaungama kabla ya pambano, wanapanda wepesi. Kelvin alipanda na dhambi zake zote.

Wakacheka kidogo, kisha wakamtazama Telesphor, wakanyamaza. Alitamani wasingenyamaza.

Kengele ikalia. Telesphor hakupepesa macho. Alimjua Mwairishi yule kuliko anavyowajua watu wa shifti yake. Alijua anavyoshusha bega la kushoto kabla ya kurusha ngumi nzito, na anavyogonga sakafu kwa kisigino akichoka. Video ya pambano lake na Kelvin alikuwa ameitazama zaidi ya mara arobaini, akimtazama Mwairishi tu, akitafuta ubora wake. Raundi ya tatu ikaisha. Refa akauinua mkono wa Mwairishi.

— Shaba! — Telesphor aliruka, kahawa ikammwagikia surualini. — Tumepata shaba!

Hakuna aliyemuuliza hiyo "tumepata" imetoka wapi.

— Sasa pigeni hesabu, — alisema VAR. — Majaji watatu kwa wawili. Mmoja tu angegeuka, Kelvin ndiye angekuwa pale. Kwa hiyo Kelvin ni mtu wa shaba.

— Na Mwairishi akichukua dhahabu? — aliuliza Waziri.

— Kelvin namba mbili duniani.

— Namba mbili ya nini? — Mitesh alikuja juu. — Jaji mmoja tu! Ile medali ikatwe katikati, nusu ije Hayes.

— Ubalozi uandike barua, — alisema Waziri. — Wakichelewa, nitaiandika mimi, na kwa Kifaransa.

Telesphor aliitikia kila neno kwa kichwa. Alijua wanamtilia chumvi makusudi, na aliwapenda kwa hilo. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili alivuta pumzi ikashuka mpaka chini.

Dada mmoja alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa sembe. Hawakumjua.

— Shikamooni. Naitwa Haika, nimehamia mtaa huu juzi. Samahani, huyo Kelvin ni nani?

— Mtoto wa mzee huyu, — alisema VAR kwa fahari. — Alimtoa jasho huyo Mwairishi huku mkono umevunjika tangu raundi ya pili!

— Maskini! Mimi ni nesi, niko wodi ya mifupa. Mkono upi?

VAR alimtazama Mitesh. Mitesh akamtazama Waziri. Waziri akaangalia viatu vyake. Kisha wote watatu wakamgeukia Telesphor.

Telesphor alijaribu kumwona mwanawe kwenye ile video kichwani mwake, akamwona Mwairishi tu. Akakumbuka uwanja wa ndege, Kelvin amevaa koti, mikono mfukoni, akimwambia mkono umevunjika. Naye akamjibu kwamba bondia haji na visingizio. Wiki hiyohiyo kijana akahamia chumba cha kupanga Lewisham, upande wa pili wa London. Kisingizio kile Telesphor akaja kukisimulia kijiweni kama ushujaa.

— Video ninayo, — alisema VAR. — Ngoja nirudishe tuone.

Telesphor akaifunika ile simu kwa kiganja.

— Acha.

Akatoa ya kwake, akapiga.

— I saw it, Dad, — alisema Kelvin kabla hata ya salamu. — Bronze. Umefurahi?

— Mkono wako, mwanangu. Ulivunjika upi?

Ndege ikapita juu ya duka. Telesphor akaibana simu sikioni.

— The right one.

— Wa kulia. — Alirudia taratibu. — Sasa muda wote ule viatu alikuwa anakufunga nani?

— Nobody. Nilikuwa navaa ndala tu.

Ndala, na mvua zile. Telesphor alisimama. Mitesh alikuwa amemjazia kikombe kingine, hakukigusa.

— Nakuja huko, — alisema. — Niambie mtaa gani, na nyumba namba ngapi.