Mama Séraphine na Asubuhi Zisizo na Upepo

Mama Séraphine Uwamariya, infirmière, ni kusema muuguzi, wa centre de santé yetu ya Lac Vert, ametumika miaka makumi tatu na mmoja, na tarehe 30 mwezi wa sita anastaafu. Wakubwa walitafuta mutu wa kuandika sifa zake. Nikasema ni mimi Wenceslas, mulinzi wa geti. Masomo yangu yaliishia primaire ya tatu, lakini macho yangu yalimaliza université.

Amezalisha wamama ambao yeye mwenyewe aliwapokea wakizaliwa. Anapenda chai kali na hapendi mutu wa kumubishia. Mimi nimemubishia miaka yote hiyo.

Kazi yake kubwa iko nyumbani kwake, jirani yangu. Miaka nane iliyopita binti yake Rosine alimutumia mashine ya kupima hali ya hewa: kindoo cha mvua, kipima joto, vikombe vitatu vya kuzungushwa na upepo, na kisanduku chenye kioo cha kuweka jikoni, kinapokea namba bila waya. Mama alisoma karatasi yake, akasema mti wa kubeba mashine usimame juu, mahali wazi. Nikasema juu wezi wataichukua. Akiwa kazini, nikausimika mimi katika shimo la mawe meusi nyuma ya nyumba, pale watoto wa shule wanakatiza. Hata leo hautikisiki.

Kesho yake asubuhi kioo kiliandika upepo sifuri. Tukaenda kuangalia. Vikombe vilisimama kama vimeshikwa na mukono. Chini yake mbuzi wangu alikuwa amelala, majani bado mdomoni, na hakuna hata nzi mmoja juu yake. Nikataka kushuka. Mama akanikamata koti.

"Papa Wenceslas, hiyo ni mazuku! Ukiinama pale hautainuka tena."

Mazuku ni hewa mbaya ya kutoka ardhini, haina rangi wala harufu, na upepo ukikosekana inajaa shimoni kama maji. Mimi nilijua hayo tangu utoto, lakini mbuzi alikuwa wangu. Nikajivuta nishuke. Mama akakaa chini na koti mukononi, hakuachilia. Tulingoja mpaka jua likapanda, na vikombe vikaanza kuzunguka, pole pole, wakati sisi huku juu hatusikii upepo wowote.

Kindoo na kipima joto tukavipandisha. Vikombe Mama aliviacha mulemule shimoni, vituambie hewa ya mule ikisimama. Wasomi waseme wanavyotaka, mahali pale nilipachagua mimi. Tangu siku ile kioo kikiandika sifuri, anafunga njia kwa kamba nyekundu kabla ya kuja kazini. Miaka nane, hatujabeba mutoto hata mmoja kutoka mule.

Sasa anahamia Rutshuru, na kisanduku kiko kwangu. Aliniuliza kama nitaweza kusoma namba. Sifuri naijua. Juma hili ilitokea, nikafunga kamba. Watoto wakacheka: "Muzee anaogopa upepo yenye haiko!" Mmoja akainua mguu apite. Hapo kunguru akatua shimoni, akatembea hatua tatu, akajikunja. Hakuruka tena. Yule mmoja akarudisha mguu. Wote wakazunguka njia ya juu, bila kukimbia, bila kugeuka nyuma.

Mama Séraphine, aksanti sana. Sisi wote wa centre tunakuombea siku nyingi, afya, na wajukuu wa kukusumbua. Asubuhi lala mpaka uchoke kulala. Mimi nitaangalia.