Bass ya Japani Mbele ya Barrière

Mwaka 2000, katikati ya vita, tulitoka Butembo kwenda Beni juu ya camion ya viazi. Kijana Éliakim, mupiga gitare ya bass wa chorale ya kanisa ya Baprotestanti, alikuwa amefunika bass yake na kitenge. Muzee Syauswa, fundi wa magitare, akaifunua bila kuomba ruhusa.

« Hii jina ya Amerika ku kichwa ni ya kubandika tu, » akasema. « Ni copie. Lakini copie ya Bajapani, ya miaka ya sabini! Jina hapana angalia. Geuza, ona kibati nyuma ya shingo: wameandika Japan. Na sikia uzito! Leo hakuna mutu anatengeneza vile tena. »

Sauti yake ilishinda moteur. Mimi nilikuwa na samaki ya Kyavinyonge, ya ku ziwa, ku magoti, na hakuna mutu aliyeisifu.

Éliakim akanong'ona: « Papa, tafazali. Mbele kuna barrière ya basoda. Bass ya kwanza ya chorale, basoda balishaibeba. Kesho ni Pasaka. Tuseme tu hii ni mbao ya bure. »

« Mbao ya bure? Kijana, ku barrière nitadanganya juu ya kila kitu, lakini hapana juu ya hii. »

« Basi nyamaza tu! »

« Ninyamaze namna gani? Ona hii mbao! »

Camion ikasimama. Musoda akanyoosha mukono, akaomba bass. Jina ya Amerika hakuiangalia hata kidogo. Aliigeuza palepale, kama mutu mwenye kujua bass, akapangusa kibati ya nyuma na kidole.

Hapo njo muzee Syauswa alinyamaza.