Spinachi Iliyolala Sandukuni

Marehemu dada yetu, Kavata Mutisya, alizaliwa tarehe 3 Machi 1940 huko Mbooni, kifungua mimba wa Mzee Kisilu na Mama Koki, akasoma hukohuko hadi darasa la nane, na mwaka 1963 akaajiriwa kuosha chupa katika maabara ya mimea hapa mjini, akapanda hadi kuwa fundi. Aliolewa na Bwana Mutisya, dereva, tarehe 19 Desemba 1964, wakapata nyumba mtaa wa Jericho, na Mungu akawajalia Wayua mwaka 1966 na Phares mwaka 1969.

Mwaka 1977 Kavata aliona kwamba kimeng'enya kimoja cha spinachi, protini inayoharakisha kazi ndani ya jani, akikipitisha kwenye umeme, kinaacha mistari miwili, akasema ni ndugu wawili wa kazi moja, mmoja akikaa ndani ya viwiti, vile vyumba vya kijani vya jani, mwingine nje yake, lakini mkuu wake, Daktari Andati, akasema mstari wa pili ni uchafu wa chupa, akampa hadi Ijumaa tarehe 14 Oktoba athibitishe au arudishe koti jeupe.

Jumanne akafungia majani sandukuni chini ya kitanda, wanga uishe gizani, maana wanga ukizidi hupasua viwiti vikizungushwa kwenye mashine ya kuvitenga, na Alhamisi jioni mimi Matheka, mdogo wake ninayewasomea, niliyeuza vinyago hadi Lusaka na Hamburg bila kujifunza kuuliza kabla ya kula, nikafungua sanduku, nikakaanga. "Matheka," akasema akiangalia sufuria, "umekula kazi yangu," wala hakupaza sauti, nami nikaisukuma kando sahani ya ugali.

Alfajiri ya Ijumaa jirani yetu Mama Beldina akamwachia achume spinachi yake nyuma ya nyumba kabla jua halijaigusa, kwa kuwa usiku nao ni giza, nami nikabeba barafu ya kupozea majani kama punda hadi maabara, nikangoja mlangoni mpaka saa kumi jioni, nikisikia mashine tu. Alitoka akiwa bado na koti, viwiti peke yao vimetoa mstari mmoja, ule mwingine umetoka kwenye majimaji yaliyobaki, na Daktari amemwambia aje kazini Jumatatu.

Figo zilianza kumsumbua Februari 1985, akatutoka Jumamosi tarehe 9 Agosti 1986, saa moja asubuhi. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Jericho, Mama Beldina hasa, na wenzake wa maabara, pamoja na Daktari Andati, aliyeniomba hapa mlangoni niwasomee kwamba ule mstari haukuwa uchafu.

Pumzika kwa amani, dada, sanduku hili sitalifungua.