Jaji Niliyemwandikia Wasifu

Wa Bwana asifiwe na wa asalaam aleikum, wote nimewasalimu. Mwenyekiti wa jumuiya yetu kaniambia nisimame niseme nilivyoanguka, na majina nisitaje. Nitajaribu, ingawa mmoja yupo hapa, ndiye aliyenioa, na anajijua.

Mnanijua kwa kazi moja. Mtu akifiwa, awe Stafford awe Mesquite, popote hapa Texas, napigiwa simu: dada, tuandikie wasifu wa marehemu. Naandika. Mlevi anakuwa mcheshi, mkorofi anakuwa mpenda nidhamu. Ndivyo tulivyolelewa, marehemu hasemwi.

Sasa, mwaka ule nilioanguka nilikuwa nabeba maboksi ghalani Grand Prairie, jioni nasomea unesi. Chuo kikasema bila kufaulu historia ya Marekani huendelei. Mimi na historia yao wapi na wapi? Nilikuja kujifunza kuchoma sindano. Mwalimu, mama mmoja mkavu, akanipa jaji wa karne ya kumi na tisa, wa huku huku Texas, ambaye baadaye alitumwa ng'ambo kuwa balozi. Andika maisha yake, akasema.

Ndugu zangu, nilicheka. Maisha ya mtu aliyekufa, si ndiyo kazi yangu? Nikaandika alivyosoma kwa taabu, alivyohukumu kwa hekima, alivyopendwa ugenini. Insha ikarudi na F. Nikaona labda sijamsifu vya kutosha, nikaongeza. Ikarudi na F nyingine na maneno mekundu: "Huyu ni malaika. Mtu yuko wapi?"

Nawaambia ukweli, nilichukia. Nilimchukia mwalimu, nikamchukia jaji, nikamchukia na mume wangu kwa kuuliza tu habari za chuo. Somo nikafeli, nafasi yangu ya unesi akapewa mwingine. Nikabaki kwenye maboksi mwaka mzima, mgongo unauma, nawaona niliosoma nao wanapita na sare zao. Kanisani na kwenye mikutano yetu hii nikaacha kuja, maana mngeniuliza.

Nikajiandikisha tena. Mwalimu yule yule, jaji yule yule, nadhani kwa makusudi. Nikamfuata ofisini nimefura. Nikamwambia, kwetu wafu hawasemwi vibaya.

Hakukasirika. Akanisogezea nakala ya hukumu moja ya yule jaji. Mama mmoja mtumwa alitoroka na wanawe watatu, wakakamatwa, jaji akaamuru warudishwe kwa bwana wao. Miaka michache baadaye yuko ng'ambo anawahutubia wafalme habari za uhuru. Mwalimu akaniuliza, "Huyu mama angekuwepo msibani kwa jaji, angesikia nini kwenye maandishi yako?"

Ndugu zangu, mama huyo namjua. Wasifu wa kwanza kuandika maishani mwangu ulikuwa wa baba yangu. Niliandika kwamba alikuwa mume mwema. Mama yangu alikuwa amekaa mkeka wa mbele, mama ambaye baba alimfukuza na sisi wanne, mvua inanyesha, asitutafute tena. Alisikiliza hadi mwisho. Watu walinipongeza, yeye akainuka akaenda zake.

Nikaandika upya. Jaji nilimwachia hekima yake, ila yule mama na wanawe nikawaweka mwanzo kabisa. Nikapata C. Msicheke, C hiyo ndiyo iliyonivalisha sare hii.

Halafu nikampigia mama Dodoma, nikamwomba radhi kwa ule wasifu. Akaniuliza kwanza kama nimekula. Kisha akasema, "Mwanangu, siku ile nilidhani nimekosea msiba."

Namshukuru yule mwalimu mkavu. Namshukuru mume wangu, aliyesonga ugali mwaka mzima bila kuuliza tena, nanyi mlionilelea watoto hata nilipowakimbia. Simu zenu za misiba nitaendelea kupokea. Ila kabla sijashika kalamu nitauliza nani atakaa mkeka wa mbele, na kwake ndiko nitakakoanzia.