Waume Wasio na Kazi wa Masara

Mchungaji, wazee wa kanisa, akina mama, na nyinyi vijana wenzangu wa Ndhiwa mliojazana huko nyuma karibu na mlango ili mtoroke kabla ya matangazo, nawasalimu. Nimepewa dakika kumi. Salamu hii peke yake nimeiandika mara sita, na bado sijui kama akina mama walitakiwa kutangulia wazee. Mtanivumilia. Mimi ni mtu wa kuwaza.

Mchungaji ameniomba nishuhudie jinsi nilivyotolewa mahali pabaya. Hilo nitalifanya. Ameniomba pia nimalizie kwa msamaha, na hapo, Mchungaji, nitakuaibisha mbele ya kondoo wako, kwa sababu huko sijafika. Jina la mtu sitalitaja. Msidhani ni wema. Naogopa tu kwamba ana binamu kwenye kwaya, na nikianza kuwaza hilo sitamaliza.

Mlioniona nikiondoka kwenda kusoma shahada ya uzamili mnakumbuka nilivyojivuna. Basi siku ya kwanza msimamizi wangu chuoni aliniuliza, "Binti, unataka kutafiti nini?"

"Athari za uchimbaji wa dhahabu kwa jamii."

"Jamii ipi?"

"Ya Migori."

"Yote?"

"Yote."

Akavua miwani. "Utakuwa na wajukuu wangapi ukimaliza?"

Mama pale mbele anacheka. Cheka, mama, mimi siku ile nililia chooni. Lakini mzee yule alinifunza. Alisema swali la utafiti liwe dogo kiasi kwamba unaweza kunyoosha kidole na kusema, yule pale ndiye mwenye jibu. Nikalipunguza wiki baada ya wiki, mpaka likabaki hivi: akina mama wanaoponda mawe ya dhahabu kule Masara, ni lini wanampeleka binti sekondari, na ni lini anabaki nyumbani? Mzee akasema, "Sasa andika, ulete niliweke kwenye faili."

Ndugu zangu, sikilizeni kosa langu la kwanza. Sikupeleka. Sentensi ya mwisho ya pendekezo langu haikuwa imekaa sawa. Nikaiandika upya. Halafu ile ya kwanza nayo ikaanza kunisumbua. Nilipokuwa bado nasumbuka, mzee akahamishiwa kampasi nyingine, na kwenye faili langu kikabaki kile kichwa kikubwa cha zamani, cha jamii yote ya Migori.

Ndipo akaja huyo bwana.

Tulikuwa darasa moja, lakini yeye ni mkubwa kwangu, ana kazi Homa Bay mjini, ana ofisi yenye feni. Aliniita nyaminwa, yaani dada yetu, na akalitamka kama mtu anayekumwagia mafuta kichwani. Akasema, "Nyaminwa, wewe nenda uwandani, ukimaliza leta fomu kwangu. Niko na kompyuta, nitakuingizia. Wewe una mawazo mengi, utakosea." Mimi nikaona huyu ananijua!

Nikaenda Masara. Fomu yangu ya maswali niliinakili kutoka fomu nyingine iliyotumika mahali pengine kabisa, nikabadilisha maneno machache. Kila mama nilimsomea kwanza kwamba hakuna atakayelazimishwa, na kwamba jina lake halitaandikwa. Kwenye fomu kulikuwa na namba tu. Niliwafuata hata wale wa makaro ya mbali, yaani sehemu za kuponda na kuosha mawe, kwa maana nilifunzwa kwamba ukihoji waliokaa karibu na hoteli ya chai tu, utapata maoni ya wanywa chai. Akina mama wamekaa juani, mguu huku na mguu kule, wanaponda, na vumbi jeupe limewafanya wote kuwa na umri mmoja.

Swali la nne lilikuwa, "Umeolewa?" Wakajibu ndiyo. Swali la tano, "Mume wako anafanya kazi gani?" Nikajibiwa, "Hana kazi." Wa pili, hana kazi. Wa saba, hana kazi. Nikaanza kuwakasirikia waume hao. Nikasema moyoni, wanaume wa huku ni watu gani, mke anavunja mawe na wao wamekaa tu?

Mama namba kumi na nne nikamwuliza kwa sauti isiyo ya mtafiti, "Sasa yeye hufanya nini mchana kutwa?"

Aliweka nyundo chini. "Nyathina, mwanangu, twende ukamwulize mwenyewe."

Tukatembea hadi bomani kwake. Akanionyesha kaburi mbele ya nyumba, limezungushiwa mawe, limefagiliwa vizuri. "Huyu hapa. Muulize."

Sikujua niweke wapi uso. Nikasema, "Mama, lakini uliniambia umeolewa."

"Kwani sijaolewa? Hili ni boma la nani? Aliyelala hapo alinioa, na hajanirudisha kwetu."

Nyinyi wa nyumbani mnatikisa kichwa kwa sababu mnajua. Kwetu mwanamke haachi kuwa mke wa mtu kwa sababu mtu amekufa. Mimi pia nilijua! Nimezaliwa hapa. Lakini nilishika fomu ya watu wa mbali mkononi, nikauliza kama mtu wa mbali. Kisanduku cha mjane kilikuwepo na wote walikiruka, na mimi sikujiuliza kwa nini.

Ningelijaribu maswali yale kwanza kwa mama wawili watatu kabla ya kuanza, kama tulivyofunzwa darasani, ningeligundua siku hiyo hiyo. Sikujaribu. Basi nilirudi kwa kila mama aliyesema hana kazi, mmoja mmoja, nikauliza upya, taratibu: yuko hai? Aliondoka lini? Baada yake nani huamua habari ya shule? Majibu hayo hayakuwa na nafasi kwenye fomu. Nikayaandika kwenye daftari langu, na juu ya fomu ya kila mke wa marehemu nikaizungushia namba kiduara kidogo cha penseli.

Nilikaa huko hadi viatu vikaachana na soli. Kisha nikapeleka fomu zote na pendekezo langu Homa Bay, kwenye ofisi yenye feni. Zote. Bila nakala hata moja. Mtu anayerudi mara tatu kuangalia kama amefunga mlango alimpa mtu mwingine kazi yake yote, akasema asante.

Akaacha kupokea simu. Kwanza nilijilaumu. Pengine nilimpigia saa ya kazi. Pengine neno asante nililitamka vibaya. Halafu nikaenda chuoni, na kwenye ubao wa matangazo nikaona orodha ya watakaowasilisha utafiti wao. Jina lake. Chini yake, swali langu. Lile dogo, la kunyooshea kidole.

Nikakimbilia idarani. Nikaambiwa bwana huyo amekwisha kueleza mambo yote: mimi nilikuwa kibarua wake. Alinituma Masara kumkusanyia fomu. Na kama nilikuwa nafikiria kuandika jambo hilo hilo, basi ninaiba kazi ya mwenzangu, na chuo hufukuza watu kwa hilo. Faili langu likafunguliwa, na ndani yake jamii yote ya Migori. Jopo lingetusikiliza sote wawili baada ya wiki mbili.

Nilirudi hapa Ndhiwa. Mliniona sokoni mkadhani nimekuja likizo. Nilikuwa nabambua karanga za mama na kupanga mabaya. Niliwaza niende ofisini kwake nizime ile feni, nimkalishe kwenye joto aongee. Niliwaza nimwandikie mkubwa wake barua, nikaiandika, nikaona nukta imekaa vibaya, nikaanza upya. Niliomba maombi ambayo, Mchungaji, ukiyasikia utanitoa kwenye orodha ya ushirika. Kibarua! Neno hilo lilikaa kwenye koo langu kama mwiba wa samaki ngege.

Siku ya tano karani wa idara akanipigia. Alisema nina haki ya kusoma andiko la huyo bwana kabla ya kikao, na akanitumia kwenye simu. Nikasoma. Ukurasa wa kwanza, maneno yangu. Wa pili, maneno yangu. Nilipofika kwenye matokeo nikasimama na bakuli la karanga likamwagika.

Aliandika kwamba tatizo kubwa la Masara ni waume wasio na kazi. Alikuwa ameingiza zile fomu kama zilivyo, ndiyo, hana kazi, ndiyo, hana kazi. Viduara vya penseli hakuviuliza vinasema nini. Na mwishoni akapendekeza kwamba serikali ya kaunti iwape waume hao mafunzo ya ufundi, hasa useremala na kuchomelea vyuma.

Nilicheka mpaka mama akatoka jikoni na mwiko.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, hiyo ndiyo ilikuwa furaha tamu kuliko zote nilizowahi kuonja, na haikuwa furaha ya Kikristo. Asubuhi yake nilikuwa Masara. Niliwaomba akina mama ruhusa ya kueleza jopo habari ya waume wao, bila majina. Mama namba kumi na nne aliposikia mambo ya useremala aliegemea nyundo yake akasema, "Mwambie aje awafundishe. Tutamwonyesha walipo."

Mwingine akadakia, "Aje na jembe!"

Siku ya kikao nilifika na daftari langu. Watatu mbele yetu, mwenyekiti wao mama mtu mzima, mpole, hata kalamu aliishika kama anaogopa kuiumiza. Bwana yule alivaa suti. Aliongea vizuri, jamani, akanigeukia akasema, "Huyu nyaminwa alinisaidia sana kule nje." Kule nje!

Ilipofika zamu yangu sikujitetea. Niliomba kumwuliza mwenzangu swali. Nikaruhusiwa.

"Hao waume wasio na kazi, uliwaona?"

"Bila shaka. Mtafiti ni lazima afike."

"Walikuwa wanafanya nini?"

Akatabasamu kwa jopo. "Unajua wanaume wetu. Wako kivulini, wanacheza karata."

"Mume wa namba kumi na nne pia?"

"Pia."

"Ulimwona kwa macho?"

"Kwa macho yangu haya."

Nikafungua daftari. Nikasoma namba kumi na nne: siku niliyopelekwa bomani, kaburi, mawe yaliyolizunguka, maneno ya mama. Nikasoma namba mbili. Nikasoma namba saba. Nilisoma polepole, na sikuwa na haraka hata kidogo. Nikaomba fomu zake ziletwe, na kila niliyoitaja, juu yake kulikuwa na kiduara cha penseli. Suti ikaanza kulowa kwapani. Akasema fomu zinasema wameolewa, sasa yeye angejuaje?

Nikasema, "Kosa la fomu ni langu. Niliuliza vibaya, na sikujaribu maswali kabla. Kwa hiyo nilirudi kuuliza tena. Aliyefika ndiye aliyerudi."

Mwenyekiti aliweka kalamu chini, akamtazama bwana yule.

"Kijana, mimi nimeolewa. Baba watoto ana miaka mingi ardhini. Ukiniuliza leo nitakujibu ndiyo." Akalifunga lile andiko. "Sasa wangu utampa ufundi gani?"

Nilijizuia kucheka mpaka machozi yakanitoka.

Fomu zangu nilirudishiwa zote. Yeye aliambiwa aanze upya, swali jipya, mahali papya, na kila mwezi apeleke daftari lake la uwandani likaguliwe. Nasikia ameuliza wenzake daftari la uwandani hununuliwa wapi.

Mimi niliandika. Kwenye sura ya mbinu sikulificha kosa langu. Nililieleza lote, swali la nne, la tano, na jinsi nilivyorudi, na hiyo ndiyo sura ambayo watahini waliisifu. Matokeo yenyewe yakawa hivi: katika boma ambalo baba amefariki, yule anayekaa na mama kushauriana ndiye huamua kama binti ataenda shule, na hilo halikuwa kwenye fomu yoyote. Nimehitimu. Kofia mliiona.

Nawashukuru akina mama wa Masara waliokubali kuulizwa mara mbili na msichana mwenye uso wa hofu. Nilirudi kuwasomea nilichoandika, wakanisahihisha mahali pawili. Namshukuru karani wa idara. Namshukuru mzee wa kwanza aliyenivulia miwani. Na mama yangu, karanga zile nitakulipa kwa mikono, si leo.

Kwenu wanafunzi: pelekeni pendekezo wiki hii, hata kama sentensi moja inachechemea. Wekeni nakala mahali pawili. Jaribuni maswali yenu kwa watu wachache kwanza. Aliyekupa jibu usiandike jina lake, na aliyekupa wazo usiache kumtaja.

Sasa, Mchungaji, habari ya msamaha. Nimejaribu. Ninachoweza leo ni kumwombea adui yangu, kama ulivyotufundisha. Kabla ya kikao nilimwombea asitoke ofisini kwake hata siku moja kwenda Masara kuona kwa macho, na ombi hilo lilijibiwa lote. Naomba kuketi.