Pembe Chini ya Makaa

DANSON: Haloo, ofisi ya makarani, mahakama ya Mombasa. Nani mwenzangu?

THADEUS: Danson? Ni Thadeus.

DANSON: Kaka! Habari za Voi? Shemeji Dinah—

THADEUS: Mzima. Sikiza, niko kwa kibanda cha simu nje ya posta, sarafu zinaisha. Wewe unajua sheria. Dereva wa serikali akiripoti mkubwa wake, sheria inamlinda?

DANSON: Umeripoti nani?

THADEUS: Bosi. Alinituma nichukue makaa kule Miasenyi. Chini ya magunia, pembe za ndovu! Na Landrova ya serikali!

DANSON: Ongea polepole. Ulimwambia nani?

THADEUS: Mkubwa wa mkoa. Akanishika mkono, akanisifu. Leo asubuhi bosi ananirudishia maneno yangu. Yote, Danson. Vile nilivyoyasema.

DANSON: Mungu wangu.

THADEUS: Sheria inasemaje?

(Laini inakwaruza.)

DANSON: —kuna ile ya siri za serikali tu. Hiyo inakufunga wewe.

THADEUS: Mimi? Si ni yeye—

DANSON: Najua, kaka. Najua.

THADEUS: Unamkumbuka Mutindi, dereva mwenzangu? Yeye pia aliripoti. Tukaambiwa amekanyagwa na ndovu. Jeneza likaja limepigwa misumari, mama yake hakuonyeshwa uso.

DANSON: Panda treni ya leo. Kuna hakimu hapa, uape mbele yake yale uliyoyaona. Ukishaapa, hawawezi kusema hukusema. Dinah aende kwao Mwatate, saa hii—

THADEUS: Danson.

DANSON: Nini?

THADEUS: Landrova imesimama. Ni yeye. Ananitolea meno.

DANSON: Usikate! Watu wako hapo?

THADEUS: Hakuna mtu. Anafungua kibanda— Shikamoo, bwana. Naongea na ndugu yangu.

BOSI: Twende, Thadeus. Kuna kazi kidogo huko porini. Lete hiyo simu. Haloo? Wewe nani?

DANSON: Mrudishie Thadeus simu.

BOSI: Nauliza, nani?

DANSON: Danson. Karani wa koti. Thadeus ni ndugu yangu, na nimekusikia ukimwita porini. Makarani wenzangu wako hapa, wanasikia ninavyosema.

BOSI: Nilitaka kumpa lifti tu.

DANSON: Atakuja na treni. Namngoja stesheni mwenyewe.

BOSI: ...Haya. Shika simu yako, wewe.

DANSON: Kaka? Kaka!

THADEUS: Amerudi kwa gari. Amekaa tu, hawashi.

DANSON: Ingia posta, ndani, kaa na watu! Uko peke yako hapo?

THADEUS: Peke yangu, Danson. Wako kweli hapo, hao makarani?

DANSON: (kwa sauti ya chini) Niko peke yangu, kaka. Kimbia—

(Laini inakatika.)